Nusu marathoni ya Moshi: mnaogopa mlima wa Mweka, ogopeni mteremko wake

Mwanambio (mleta uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Kila Februari ikikaribia, swali ni lilelile kwenye makundi yote ya wakimbiaji: "Ule mlima wa Mweka unapandwaje?" Watu wanatishana mpaka wengine wanaamua kushuka wakimbie kilomita 5. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tunahangaika na upande usio wenyewe. Kwenye kilomita 21 za Moshi mlima haummalizi mtu. Anayemmaliza ni mteremko.

Kwa wageni, nianze na njia. Mbio za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003 na hukimbiwa Jumapili ya mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi. Zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, pale MoCU. Wenzetu wa 42 hutangulia kuondoka, na sehemu kubwa ya nusu yao ya kwanza ni barabara kuu, wanapata muda wa kupasha mwili kabla ya kupanda. Sisi wa 21 hatuna hiyo nafasi. Tukishatoka mjini tunaishika barabara ya Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda tu mpaka kwenye kugeuza. Mji uko kwenye mita mia nane na ushee kutoka usawa wa bahari, kule juu ni zaidi ya 1,100. Yaani unapandisha kama mita 300 katika kilomita zisizofika kumi, kisha unazishusha zote.

Mlima wenyewe si wa kutisha. Ni mwinuko mrefu wa taratibu, unabana kidogo, unalegea, unabana tena. Migomba na kahawa kushoto na kulia, watoto wamejipanga kando ya lami wamenyoosha viganja wanataka uwagonge, na kama mawingu hayajafunga, kilele cha Kibo kinakuwa mbele yako muda wote. Halafu kupanda kuna jambo moja zuri: ukizidisha, pumzi inakukatalia palepale na unapunguza mwenyewe bila kuambiwa.

Kushuka hakukwambii kitu. Umegeuza, pumzi imetulia, saa inakuonesha kasi ambayo Dar hujawahi kuiona, unajiona leo umewiva. Kumbe kila mguu unapotua, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inajikaza huku inavutwa. Katika kukimbia hakuna kazi inayochana nyuzi za misuli kuliko hiyo. Utayaona kilomita ya 17 au 18, umekaribia mjini, jua limeshachomoza sawasawa, barabara imelala na mapaja yamekuwa mbao. Nimewaona watu wenye pumzi tele wanatembea pale kwa sababu magoti hayakunji tena.

Na si sisi wa mitaani tu. Mzee wetu Juma Ikangaa, Mtanzania aliyetamba kwenye marathoni, yalimkuta Boston, Marekani. Ile njia inaanza kwa kushuka kilomita nyingi, halafu vilima vya Newton vinakusubiri baadaye, miguu ikiwa tayari imeshakula kichapo. Mwaka 1988 Ikangaa alimaliza wa pili, sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. 1989 wa pili tena. 1990 akaushambulia ule mteremko, akapita nusu ya njia kwa dakika 62 hivi, kasi ya ajabu kwa wakati ule, na Gelindo Bordin wa Italia akamkuta na kumpita. Wa pili mara tatu mfululizo. Na huyu si mtu wa kubahatisha, mwaka huohuo wa 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile. Kama mteremko ulimla Ikangaa, mimi na wewe tunaotoka ofisini saa kumi na moja jioni ndio tuuchezee?

Karibuni tujadili. Aliyewahi kukimbia aseme yake.

---

Kimara Kwetu

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nitakwenda kwa mara ya kwanza, nimeshalipia. Shida yangu ni kwamba kundi letu la joging linakimbia barabara za ufukweni, tambarare tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlima tutautoa wapi Dar?

---

Mwanambio

Kaka, Dar ina milima, ni sisi tu tunaikwepa. Huko huko kwenu Kimara ukiingia ndani kuelekea Goba utapata mipando ya kukutoa machozi. Makongo Juu ipo. Na wanaotaka mwinuko mrefu waende Pugu, barabara ya kuelekea Kisarawe.

Ila nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapokosea: watu wanakimbia kupanda, halafu wanashuka kwa kutembea "kupumzika." Fanya kinyume walau mara moja moja. Panda taratibu, hata kwa kutembea, kisha kimbia kushuka. Anza na kipande kifupi. Kesho yake na kesho kutwa utashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu, usiogope. Mwili wenye misuli iliyopitia mteremko mara moja hujijenga, na safari ya pili hauumii kama ya kwanza. Kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo zoezi lako la mwisho la mteremko liwe kama wiki tatu kabla ya Jumapili ya Moshi. Ukilifanya wiki ya mwisho utafika MoCU tayari umevunjika.

---

KiboshoAsili

Shimboni wote.

Mimi mwenyeji, nyumbani kwetu si mbali na hiyo barabara mnayoijadili. Mleta uzi umesema kweli, lakini usiudharau mlima kiasi hicho. Kila mwaka tunasimama kwenye kona tunawaangalia mnavyopanda. Wageni wanapita mtaa wa Shanty Town mbio kama wamefukuzwa, wanapiga picha, wanacheka. Wakifika kwetu juu hakuna anayecheka. Mlima unawapata kwa sababu wameanza na kasi ya mjini.

Jambo la pili, joto. Watu wanasikia "Kilimanjaro" wanafikiri ni baridi. Baridi iko kileleni huko, mita 5,895. Moshi mjini mwisho wa Februari ni kiangazi kikali, masika hayajaanza, na saa tatu asubuhi jua linachoma kweli. Kule juu kwenye migomba una kivuli na upepo. Unaposhuka unarudi kwenye joto. Kwa hiyo huo mteremko wako unakuchapa miguu na jua kwa pamoja.

La tatu naomba mlishike. Mkipita, salimieni watu. Kuna mama zetu wanatoka alfajiri kuja kusimama barabarani, hawalipwi na mtu, wengine wana ndoo ya maji na kikombe. Ukisema "shimboni mae", yaani ukimsalimia mama kwa Kichaga, utashangiliwa mpaka usahau mguu. Mwaka mmoja nilimwona kijana ametupa chupa kwenye kahawa ya bibi mmoja, bibi akaiokota kimyakimya. Iliniuma sana. Chupa shikeni mpaka mfike kwenye kituo.

---

Mwanambio

Aika (asante) kaka. Hilo la chupa nalichukua kwa uzito wote. Barabara ile ni ya watu na mashamba ni ya watu, tunakaribishwa tu asubuhi moja kwa mwaka.

Kuhusu kuanza haraka nakubaliana nawe kabisa.

---

Kasi Tupu

Mimi nawapinga wote wawili. Mteremko ni zawadi. Muda unaopotea kupanda unaurudisha kushuka, ndiyo hesabu ya njia yenye mlima. Ukianza kuogopa mteremko utamaliza na muda mbovu wakati miguu bado ina nguvu. Achia miguu ishuke!

---

Mwanambio

Mkuu, tuweke namba mezani, tuache hisia.

Tuseme unataka kumaliza chini ya saa 2. Kwenye njia tambarare hiyo ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Moshi huwezi kuikimbia hivyo. Panda kilomita 10 za kwanza kwa 6:20, hapo umetumia 63:20. Kilomita 11 na kidogo zilizobaki zikimbie kwa 5:05, inakuja dakika 56 na ushee. Jumla 1:59:45. Umefika, na hukuua mtu.

Sasa mpango wako. Umepanda vilevile kwa 6:20. Umegeuza, ukaachia miguu, kilomita 5 za kushuka kwa 4:40, umeokota zaidi ya dakika 2 juu ya yule wa kwanza. Safi sana. Halafu mapaja yakagoma, kilomita 6 za mwisho ukazikokota kwa 7:00, nusu kutembea. Jumla inazidi 2:09. Dakika 2 ulizookota zimekugharimu dakika 12.

Sisemi mtu ashuke amekaza breki, hiyo nayo inaua. Nasema kasi ya kushuka iwe ile uliyoizoesha miguu kwenye mazoezi. Kama umefanya Pugu ukaweza 4:40 na kesho yake ukatembea vizuri, kimbia 4:40, hakuna atakayekuzuia.

---

Kasi Tupu

Hapo kwenye "uliyoizoesha" nimekuelewa. Mimi nimekulia Lushoto, kushuka kwangu ni jadi. Labda ndiyo maana hainisumbui.

---

Mwanambio

Umejibu uzi mzima kaka. Mtoto wa Lushoto miguu yake imefundishwa na shule ya msingi. Wa Masaki lazima akaitafute hiyo shule.

---

Mhudumu wa Afya

Naomba kuchangia kwa upande wangu, nafanya kazi ya hospitali na nimesaidia wakimbiaji kwenye mbio kadhaa.

Kwanza vidonge. Kuna mtindo umeingia, mtu anameza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili nisisikie maumivu." Acheni. Ukikimbia juani mwili unapoteza maji na damu inayokwenda kwenye figo inapungua. Dawa hizo nazo zinaibana njia hiyohiyo ya damu. Ukiunganisha viwili hivyo unaziweka figo pabaya, na mtu mzima kabisa mwenye afya anaweza kuishia kulazwa. Maumivu yanayokuzuia kukimbia ndiyo taarifa unayopaswa kuisikiliza.

Pili maji. Wengi wanajua hatari ya kukaukiwa. Wachache wanajua kwamba kunywa maji mengi kupita kiasi nako kuna hatari, chumvi ya damu inashuka, mtu anavimba vidole, kichwa kinauma, anachanganyikiwa. Wanaopata hili zaidi ni wale wa polepole, kwa sababu wanasimama kila meza ya maji na kunywa chupa nzima. Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache, na kama unatoka jasho jingi tumia maji yenye chumvi na sukari, hata yale ya paketi ya ORS ya duka la dawa yanafaa.

Tatu, kushuka kwenyewe. Hatua fupi na za haraka. Mguu utue chini ya mwili wako, usiurushe mbele ukatua kwa kisigino huku goti limenyooka. Ukisikia raba zinapiga lami "paa, paa," unajivunja. Mikono ilegee, na macho yaangalie mbele hatua kadhaa.

---

MamaWawili

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nina watoto wawili, nilianza kukimbia ili kupunguza uzito, sasa nimenogewa. Kilomita 10 nakimbia kwa saa moja na robo hivi. Nimejiandikisha 21 ya Moshi kwa furaha, sasa nimesoma uzi huu nimeanza kutetemeka. Nisije nikawa wa mwisho. Na chakula, wanasema usiku wa kuamkia lazima nile machalari ya Kichaga, ni kweli?

---

Mwanambio

Marahaba dada, karibu sana, na usitetemeke.

Mtu wa saa moja na robo kwa kilomita 10 anaimaliza 21 ya Moshi bila tatizo akiwa na mpango. Wewe panda kwa kuchanganya: kimbia taratibu mpaka pumzi ikupande, tembea hatua za nguvu mpaka ishuke, endelea. Fanya hivyo tangu mwanzo, usisubiri uchoke. Utashangaa, kwenye kilomita ya nane utawapita waliokuacha wakikimbia pale mjini, wao wamesimama wameshika viuno. Wa mwisho hutakuwa. Na hata yule wa mwisho watu wa Moshi wanampigia vigelegele kuliko wa kwanza, nimeyaona kwa macho.

Machalari ni chakula kizuri, ndizi na nyama, wanga wa kutosha. Lakini kama tumbo lako halijazoea usilijaribu Jumamosi usiku. Kula ulichokula kabla ya mazoezi yako marefu, hata kama ni wali na samaki. Jumapili alfajiri chai na mkate, ndizi mbivu moja, basi. Machalari, mtori na vingine vyote viwe vya mchana ukishavaa medali.

---

KiboshoAsili

Na mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe ya jioni kabisa dada, ukishakunywa maji ya kutosha. Karibu sana Kibosho.

---

Taveta Mpakani

Mimi ni jirani yenu wa Kenya, navuka mpaka wa Holili kila mwaka kuja hizo mbio, hapo si mbali kabisa na kwetu. Hongereni kwa uzi mzuri. Ila kuna kitu kinanisumbua nikija Moshi. Nikiwauliza vijana wenu majina ya wakimbiaji, wananitajia Kipchoge, Kipchoge, Kipchoge. Wa kwenu hawawajui. Kwetu ukienda Iten, mji wa wakimbiaji, mtoto wa darasa la tatu anakutajia mabingwa wa kijiji chake. Mnakwama wapi?

---

Mpenda Riadha

Jirani umegusa kidonda changu.

Bingwa wa dunia wa nusu marathoni, umbali huuhuu tunaoujadili, aliwahi kuwa Mtanzania. Fabiano Joseph. Edmonton, Kanada, Oktoba 2005, saa 1:01:08. Kabla ya hapo alishika nafasi ya pili mara mbili mfululizo, 2003 Vilamoura huko Ureno na 2004 New Delhi. Miaka mitatu mfululizo jukwaani, ya tatu na dhahabu. Ulizeni watu mia moja mtaani kama wanamjua.

Leo tuna Alphonce Simbu. Shaba ya dunia London 2017. Aprili 2025 wa pili Boston, kwenye njia ileile iliyomtesa Ikangaa. Septemba 2025 Tokyo, dhahabu ya dunia ya marathoni kwa 2:09:48, amemshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia ya sekunde. Baada ya kilomita 42! Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Gabriel Geay naye alikuwa wa pili Boston 2023, mbele ya huyohuyo Kipchoge aliyemaliza wa sita. Kwa hiyo vipaji tunavyo, kutajana ndiko hakupo.

---

Mwanambio

Nilikuwa sijapanga kuufikisha uzi huku, lakini nafurahi umefika.

Nusu ya Moshi ndiyo mbio yenye watoto wengi barabarani kuliko nyingine ninazozijua nchini. Wanasimama saa nzima wakitazama. Natamani mwaka mmoja mmoja waambiwe nani anapita mbele yao. Mzungumzaji wa uwanjani akimtaja Fabiano Joseph na Ikangaa kabla ya bunduki kulia, maelfu wataondoka na majina hayo. Haigharimu hata shilingi. Na walimu wa shule zilizo njiani wanaweza kulifanya hili wenyewe wiki ile.

Jirani wa Taveta, njoo, na ukipita sema na hao watoto.

---

Naniliu 21

Swali dogo. Nafasi zimeisha kwenye usajili, kuna rafiki yangu hawezi kwenda, anataka kuniuzia namba yake. Inafaa?

---

Mhudumu wa Afya

Haifai. Namba ile imebeba jina, umri na mtu wa kupigiwa simu wa mwenye namba. Ukianguka barabarani, sisi tunampigia mke wa mtu mwingine kumwambia mumewe amezimia, na kuhusu wewe, kama una pumu au kisukari, hatujui lolote. Subiri mwaka ujao, jisajili mapema. Siku ya mbio pale MoCU usitegemee kuandikishwa kwa 21.

---

Mwanambio

Nakazia. Na namba zikianza kutolewa, chukueni Dar au Arusha kama mko huko, msisubiri foleni ya Jumamosi Moshi. Vyumba navyo vinajaa mapema na bei zinapanda, kwa hiyo aliyelipia mbio bila kulipia kitanda alale na simu mkononi leo. Wengine hulala Arusha, kilomita kama 80, lakini itabidi uamke usiku wa manane.

Na wa Dar, msipande basi la kurudi Jumapili mchana kama mnaweza kukwepa. Kukaa saa tisa au kumi na mapaja yaliyotoka Mweka ni adhabu. Laleni, asubuhi tembeeni kidogo mjini, ndipo mpande basi. Asiyeweza, basi likisimama Korogwe ashuke atembee mpaka liondoke.

---

Kimara Kwetu

Mkuu, kundi letu limeusoma uzi wote jana usiku kwa sauti. Tumekubaliana Jumamosi tunaacha ufukwe, tunakwenda Pugu. Utakuja? MamaWawili naye karibu, tuna akina dada saba.

---

MamaWawili

Nakuja! Saa ngapi?

---

Mwanambio

Nipo. Tukutane Pugu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla malori hayajawa mengi. Tunapanda kwa kutembea na kuzungumza, tunashuka kwa kukimbia, mara tatu tu, hakuna kuongeza. Kila mtu na maji yake na raba zile atakazovaa Moshi, mpya ziacheni ndani.